AMRI HARAMU SI KINGA
Jinsi familia moja ya Kigali ilivyodai haki yake

Mwezi Mei mwaka 1994, wakati maiti zilikuwa bado hazijazikwa katika mitaa ya Kigali, shauri lilifunguliwa katika mahakama ya shirikisho ya mji wa New York, nchini Marekani. Waliolifungua walikuwa watu waliopoteza jamaa zao nchini Rwanda. Aliyeshtakiwa alikuwa kiongozi wa kisiasa wa upande uliokuwa ukiendesha mauaji siku zile zile. Serikali iliyosimamia mauaji hayo ilikuwa bado madarakani, na mjumbe wake alikuwa bado anakalia kiti cha Rwanda katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Walalamikaji hawakuwa na jeshi, hawakuwa na polisi, wala hawakuwa na hakimu wa kwao wa kumwendea. Walikuwa na majina ya marehemu wao na kalamu ya wakili, basi.

Ndugu askari wa jeshi na wa polisi, tumeona vema kuieleza habari hii kwa urefu kwa sababu inatuhusu sisi tunaovaa sare kuliko watu wengine wote. Walioivamia nyumba ya familia ile walikuwa askari. Waliokuwa na uwezo wa kuwazuia na wasiwazuie walikuwa maofisa. Waliowekwa pale kuilinda na wasiweze kuilinda nao walikuwa askari. Na katika mji ule ule, siku ile ile, alikuwepo pia askari mmoja aliyeonyesha kazi yetu inavyopaswa kufanywa.

NDASINGWA NA FAMILIA YAKE

Landoald Ndasingwa, ambaye wakazi wa Kigali walimwita Lando kwa ufupi, alikuwa mtu mashuhuri katika mji ule. Yeye na mkewe Hélène Pinsky, mwanamke wa Kanada, walianzisha hoteli katika mtaa wa Remera, nayo ikajulikana kwa jina la Chez Lando. Watu wa kila namna walikutana pale kula, kunywa na kuzungumza. Vyama vingi viliporuhusiwa nchini Rwanda mwaka 1991, Ndasingwa aliingia katika Chama cha Kiliberali, akawa mmoja wa viongozi wake wa juu. Baadaye akateuliwa kuwa Waziri wa Kazi na Mambo ya Jamii. Katika serikali iliyoongozwa na Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, yeye ndiye aliyekuwa waziri pekee wa Kitutsi.

Dada yake, Louise Mushikiwabo, aliondoka Rwanda mwaka 1986 kwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Delaware, nchini Marekani, na baada ya masomo akabaki huko akifanya kazi. Umbali huo ndio uliomwokoa, na ndio uliomwezesha kufanya ambalo wenzake waliokuwa Kigali wasingaliweza kulifanya.

NCHI ILIYOTAWALIWA KUTOKA KAMBINI

Hapana budi kwanza tueleze jinsi nchi ile ilivyokuwa ikitawaliwa. Tarehe 5 Julai, 1973, Meja Jenerali Juvénal Habyarimana, aliyekuwa mkuu wa majeshi, aliipindua serikali ya Rais Grégoire Kayibanda. Kamati ya maofisa 11, iliyojiita Kamati ya Amani na Umoja wa Taifa, ilishika hatamu. Bunge lilivunjwa na shughuli za vyama zikapigwa marufuku. Mwaka 1975 kikaundwa chama kimoja tu, MRND, na kila Mnyarwanda akahesabiwa kuwa mwanachama wake, apende asipende.

Ilisemekana wakati ule kwamba mapinduzi yale hayakumwaga damu. Ni kweli kwamba siku ile ya kwanza haikumwagika. Lakini kati ya mwaka 1974 na 1977 watu 56, wengi wao viongozi wa serikali iliyoangushwa, waliuawa mikononi mwa vyombo vya usalama. Rais Kayibanda mwenyewe alifariki mwezi Desemba 1976 akiwa kizuizini nyumbani kwake.

Familia za watu wale zingekwenda kulalamika wapi? Polisi walikuwa wa serikali ile ile, mahakama zilikuwa za serikali ile ile, na gazeti lilikuwa la serikali ile ile. Haki ilikuja kwa mlango wa nyuma. Aliyekuwa mkuu wa usalama, Meja Théoneste Lizinde, alikamatwa mwaka 1980. Kosa alilokamatiwa halikuwa mauaji ya wafungwa. Alishutumiwa kutaka kumpindua Rais. Ni baada ya kugombana na mkubwa wake ndipo vifo vile vilipokumbukwa, naye akafikishwa mbele ya mahakama kwa mauaji hayo mwaka 1985 na kuhukumiwa adhabu ya kifo. Raia akaona wazi kwamba katika utawala wa namna ile sheria haiamki kwa kilio cha mjane. Huamka pale wakubwa wanapokosana. Somo hilo ni baya kwa raia, na ni baya zaidi kwa askari, maana humfundisha kwamba madhali mkubwa wake yu radhi naye, hakuna dhambi itakayomwandama.

ASUBUHI YA TAREHE 7 APRILI

Usiku wa tarehe 6 Aprili, 1994, ndege iliyomchukua Rais Habyarimana pamoja na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi ilidunguliwa ilipokuwa ikikaribia kutua Kigali. Usiku ule ule maofisa walikutana katika makao makuu ya jeshi. Waziri wa Ulinzi alikuwa safarini Kameruni, na Kanali Théoneste Bagosora, mkurugenzi wa ofisi ya waziri huyo, ndiye aliyeongoza kikao. Jenerali Roméo Dallaire, kamanda wa kikosi cha Umoja wa Mataifa, UNAMIR, aliwaeleza kwamba kwa mujibu wa sheria Waziri Mkuu Uwilingiyimana ndiye mwenye mamlaka sasa. Bagosora alikataa.

Kulipopambazuka, askari walikwenda kuwatafuta wote ambao kisheria wangaliweza kushika uongozi wa nchi. Waziri Mkuu aliuawa. Joseph Kavaruganda, Rais wa Mahakama ya Katiba, alichukuliwa nyumbani kwake akauawa. Waziri wa Kilimo, Frédéric Nzamurambaho, aliuawa. Waziri wa Habari, Faustin Rucogoza, aliuawa. Askari kumi wa Ubelgiji waliotumwa kumlinda Waziri Mkuu walinyang'anywa silaha, wakapelekwa Kambi ya Kigali, wakauawa humo.

Ndasingwa alikuwa nyumbani pamoja na mkewe, watoto wao wawili na mama yake mzazi. Alipiga simu kwa UNAMIR kuomba msaada. Msaada haukufika. Askari wa Kikosi cha Walinzi wa Rais waliingia, na wote watano wakauawa. Mwaka 1999, tume iliyoundwa na Umoja wa Mataifa chini ya Ingvar Carlsson, Waziri Mkuu wa zamani wa Sweden, ilieleza bayana kwamba kushindwa kuwalinda viongozi wale lilikuwa mojawapo ya makosa ya kikosi hicho.

Hayo yalikuwa matendo ya saa chache za mwanzo. Katika siku kama 100 zilizofuata, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ambayo yaliwakumba pia Wahutu waliokataa kuyaunga mkono, yalichukua roho za watu zaidi ya 800,000.

NJIA ILIYOFUNGULIWA PARAGUAI

Msomaji atauliza: mahakama ya New York inahusikaje na damu iliyomwagika Kigali? Jibu linatupeleka mbali sana, hadi nchi ya Paraguai katika Amerika ya Kusini.

Paraguai ilitawaliwa na Jenerali Alfredo Stroessner tangu alipotwaa madaraka mwaka 1954. Huko alikuwepo tabibu mmoja, Joel Filártiga, aliyekuwa akiwatibu maskini wa shamba na kuusema utawala ule bila kuficha. Tarehe 29 Machi, 1976, mwanawe Joelito, kijana wa miaka 17, alitekwa na kuteswa hadi akafa. Usiku ule polisi walikuja kumchukua dada yake, Dolly, wakampeleka katika nyumba ya Inspekta Américo Norberto Peña-Irala, wakamwonyesha maiti ya ndugu yake yenye alama za mateso. Alipotoka mbio kwa hofu, Inspekta alimfuata akimwamuru anyamaze.

Familia haikunyamaza. Tabibu alifungua mashtaka katika mahakama ya nchi yake. Wakili wake akakamatwa, akafungwa minyororo ukutani katika makao makuu ya polisi, akatishiwa kuuawa, na hatimaye akanyang'anywa kibali chake cha uwakili. Mtu mwingine alitolewa kukiri kwamba yeye ndiye aliyeua kwa wivu wa mapenzi, walakini mwili wa marehemu ulisema vingine. Ndivyo mlango wa haki ulivyofungwa Asunción.

Mwaka 1978 Peña alikwenda Marekani kwa kibali cha matembezi, akabaki Brooklyn hata muda wa kibali ukapita. Dolly naye alikuwa amekimbilia nchi hiyo hiyo. Alipopata habari kwamba mtu yule yupo, aliwaarifu maofisa wa uhamiaji, nao wakamkamata mwezi Aprili 1979. Familia ikamfungulia shauri la madai kwa kutumia sheria ya Marekani ya mwaka 1789, iliyokuwa karibu imesahauliwa, ambayo inamruhusu mgeni kudai fidia kwa kosa lililotendwa kinyume cha sheria ya mataifa. Mahakama ya kwanza ilikataa kulisikiliza shauri, na Peña akarejeshwa kwao. Lakini tarehe 30 Juni, 1980, Mahakama ya Rufaa ilitamka kwamba mtesaji, kama vile haramia wa baharini na mfanyabiashara ya watumwa wa zamani, ni adui wa wanadamu wote, na anaweza kushtakiwa popote aonekanapo. Mwaka 1984 familia ilitunukiwa fidia ya zaidi ya dola milioni 10. Haikupata kulipwa hata senti moja.

Je, basi ilikuwa kazi bure? Stroessner aliangushwa na majenerali wenzake mwezi Februari 1989. Tarehe 22 Desemba, 1992, katika kituo cha polisi cha Lambaré, kando ya mji mkuu, yaligunduliwa mafungu kwa mafungu ya majalada ya polisi yenye majina ya waliokamatwa, tarehe zao, na maelezo yao. Polisi wenyewe walikuwa wameandika ushahidi dhidi yao. Askari polisi anayedhani kwamba kitabu cha kituo ni mali ya mkubwa wake na aikumbuke Lambaré.

SHAURI LA MUSHIKIWABO

Sasa turejee kwa Wanyarwanda wetu. Katikati ya mwezi Mei 1994, serikali ya muda ya Rwanda, iliyoapishwa tarehe 9 Aprili huku mauaji yakiendelea, ilituma ujumbe New York kujitetea mbele ya Baraza la Usalama. Katika ujumbe huo alikuwemo Jean-Bosco Barayagwiza, mwanasheria, kiongozi wa chama cha CDR, na mmoja wa waanzilishi wa redio RTLM iliyokuwa ikichochea chuki na kuwataja watu kwa majina ili wauawe.

Louise Mushikiwabo na walalamikaji wenzake walimfungulia shauri papo hapo. Walishika njia ile ile iliyofunguliwa na familia ya Filártiga, pamoja na sheria nyingine ya Marekani ya mwaka 1992 inayowalinda waliopatwa na mateso. Barayagwiza hakusimama kujitetea. Tarehe 9 Aprili, 1996, Jaji John Martin alitoa hukumu akawapa walalamikaji fidia ya zaidi ya dola milioni 100. Jaji mwenyewe alikiri kwamba roho ya mtu haina bei, na kwamba fedha ni kitu pekee ambacho mahakama yake ilikuwa na uwezo wa kukitoa.

Wapo watakaocheka: hukumu ya mamilioni juu ya mtu asiye na mamilioni! Sisi hatucheki. Mtu aliyeuawa na dola huuawa mara mbili. Kwanza kwa risasi, kisha kwa maneno, pale inapotangazwa kwamba hakuuawa, au alikufa katika ghasia, au alistahili. Hukumu ya mahakama huru hukizuia kifo hicho cha pili. Iliandikwa, ikapigwa mhuri, ikawekwa mahali ambapo hakuna jenerali wa Kigali aliyeweza kuipeleka motoni.

ARUSHA NA KAZI YA SUBIRA

Tarehe 8 Novemba, 1994, Baraza la Usalama liliunda Mahakama ya Kimataifa kwa ajili ya Rwanda, na makao yake yakawekwa Arusha, Tanzania. Barayagwiza alikamatwa Kameruni mwaka 1996, akafikishwa Arusha mwaka 1997. Hapo yalitokea mambo ambayo kila askari polisi anapaswa kuyajua. Mwaka 1999 majaji wa rufaa waliamuru mshtakiwa aachiliwe, kwa sababu alikuwa amekaa mahabusu muda mrefu mno bila taratibu kufuatwa. Amri hiyo ilibadilishwa mwaka 2000, baada ya upande wa mashtaka kuleta habari mpya, na kesi ikaendelea. Lakini alipotiwa hatiani tarehe 3 Desemba, 2003, alipewa kifungo cha miaka 35 badala ya kifungo cha maisha, kama fidia ya haki zake zilizovunjwa, na rufaa ya mwaka 2007 ikaifanya kuwa miaka 32. Alifariki mwaka 2010 nchini Benin.

Tazama basi: familia imengoja miaka, mashahidi wamesafiri kutoka mbali, na mtuhumiwa wa makosa mazito kuliko yote alibakia kidogo tu kuondoka zake kwa sababu ya tarehe na karatasi za mahabusu. Ofisa anayezembea taratibu za kumweka mtu rumande asidhani kwamba anamkomoa mtuhumiwa. Anamnyang'anya haki yule aliyedhulumiwa.

Kesi ya maofisa wa jeshi ilianza kusikilizwa mwaka 2002. Tarehe 18 Desemba, 2008, miaka zaidi ya 14 baada ya asubuhi ile, mahakama ilimtia Kanali Bagosora hatiani, na miongoni mwa marehemu waliotajwa katika hukumu yake alikuwemo Landoald Ndasingwa. Alihukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 2011 Mahakama ya Rufaa ikakipunguza kuwa miaka 35, baada ya kutengua baadhi ya makosa na kuyathibitisha mengine. Alifariki akiwa mfungwa nchini Mali mwaka 2021.

Hakuna aliyedai kwamba Kanali yule alikwenda kwa miguu yake hadi nyumbani kwa Ndasingwa. Alihukumiwa kama mkuu: askari walikuwa chini ya mamlaka yake, alikuwa na njia ya kujua wanayoyatenda, na hakuwazuia.

Aliyebaki ni Meja Protais Mpiranya, kamanda wa Kikosi cha Walinzi wa Rais, ambaye naye alishtakiwa kwa mauaji ya Ndasingwa na viongozi wenzake. Huyo alitafutwa miaka mingi. Mwaka 2022 wapelelezi wa Umoja wa Mataifa walitangaza kwamba alikwisha kufa mjini Harare, Zimbabwe, mwaka 2006. Kaburi lake lilikuwa limeandikwa jina lisilo lake. Kamanda aliyekuwa na kikosi kilichoogopwa kuliko vyote nchini kwake alizikwa ugenini bila kuthubutu kutajwa jina alilopewa na wazazi wake. Wakati huo huo jina la Lando lilikuwa juu ya hoteli yake ya Remera, ambayo ndugu zake waliifufua kutoka katika magofu.

WALICHOPATA NA WASICHOPATA

Tusiseme kwamba familia ile ilipata kila kitu. New York iliwapa fedha katika karatasi, lakini haikuwa na uwezo wa kumfunga mtu. Arusha ilifunga watu, lakini haikuwapa waliodhulumiwa fidia yoyote, kwa maana mahakama ile haikuundwa kwa kazi hiyo. Aidha, njia ya mahakama za Marekani imekuwa nyembamba tangu mwaka 2013, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilipoamua kwamba sheria ile ya 1789, kwa kawaida, haivuki mipaka ya Marekani. Anayetaka haki leo akiwa Afrika ya Mashariki asitegemee kuipata Brooklyn.

Nasi tunasema afadhali. Si fahari kwa nchi yoyote kwamba mtu wake aliyefiwa alazimike kuvuka bahari kumtafuta hakimu. Kila shauri la namna ile linalofunguliwa ugenini ni ushahidi kwamba kituo cha polisi cha nyumbani kilimfukuza mlalamikaji, au alijua kitamfukuza, au kwamba waliotakiwa kumpokea ndio waliomuulia.

MAFUNZO KWETU

Kwanza, juu ya amri. Utii ni uti wa mgongo wa jeshi, na hakuna atakayetusikia tukisema vinginevyo. Lakini amri ya kijeshi ni amri halali. Kanuni iliyotumika Nuremberg mwaka 1945 na 1946, na iliyoandikwa tena katika sheria ya mahakama ya Arusha, yasema kwamba aliyetenda uhalifu kwa kuamriwa habebwi na amri ile. Mahakama ikiona inafaa yaweza tu kumpunguzia adhabu. Hakuna bunduki iliyopata kusimama kizimbani. Husimama mtu aliyeifyatua, na pembeni yake husimama aliyemtuma.

Pili, juu ya ukuu. Nyota za begani ni mzigo kabla hazijawa heshima. Ofisa anayesema "sikuwepo" au "hawakuniambia" na akumbuke hukumu ya mwaka 2008. Ukijua vijana wako wanatoka usiku na gari la kikosi, na ukanyamaza, ukimya wako utahesabiwa.

Tatu, juu ya lindo. Familia ya Ndasingwa iliahidiwa ulinzi, ikaamini, ikabaki nyumbani. Anayepewa kazi ya kulinda watu na apewe pia idadi ya askari, silaha, mawasiliano na amri iliyo wazi ya lini atumie nguvu. Kumweka askari mlangoni bila hayo ni kumdanganya aliye ndani, na kumwonea aliye nje. Askari kumi wa Ubelgiji walilipa kwa roho zao. Familia zao nazo zilidai haki, na mwaka 2007 mahakama ya Brussels ilimhukumu Meja Bernard Ntuyahaga kifungo cha miaka 20 kwa vifo hivyo.

Nne, kwamba daima iko nafasi ya kutenda lililo sawa. Asubuhi ile ile ya tarehe 7 Aprili, Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, mwangalizi wa kijeshi wa Umoja wa Mataifa asiye na silaha, alichukua hatua ya kuwaokoa watoto wa Waziri Mkuu Uwilingiyimana. Majuma yaliyofuata aliendelea kuwavusha watu katika vizuizi vya wauaji, kwa maneno, kwa mzaha, kwa sigara, kwa ujasiri mtupu. Bomu lilimuua tarehe 31 Mei, 1994, akiwa kazini. Mwaka 2014 Baraza la Usalama liliunda medali ya ushujaa yenye jina lake. Kadhalika askari wa Ghana, chini ya Brigedia Henry Anyidoho, walibaki Kigali wakati kikosi cha UNAMIR kilipopunguzwa hadi kiasi cha watu 270, na watu waliokimbilia kwao walipona.

Louise Mushikiwabo alirudi Rwanda, akawa waziri mwaka 2008, kisha akashika Wizara ya Mambo ya Nje tangu 2009 hadi 2018, na mwaka 2019 akaanza kuongoza Jumuiya ya Kimataifa ya nchi zinazotumia Kifaransa. Familia nyingi hazikupata dada aliyeko ng'ambo, wala wakili, wala mshtakiwa aliyejipeleka New York mwenyewe. Zilibaki na jina la marehemu na jina la kikosi kilichokuja usiku ule, ambalo halisahauliki.

Ndugu askari, mlalamikaji wa namna hiyo anaweza kufika mapokezi ya kituo chako kesho asubuhi. Pengine atakuwa mama mzee asiyejua kusoma, naye atamtaja mtu unayemfahamu, pengine mtu wa kombania yako. Mpe kiti. Chukua kitabu, andika jina lake, jina la aliyepotea, tarehe na saa, kisha msomee ulichoandika hata aridhike. Bandu bandu huisha gogo. Na bandu ya kwanza ya haki ni mstari ule mmoja unaouandika wewe, koplo wa zamu, kwa mkono wako.